Springi ya Tadeo

Siku ya soko Mbeya, mwaka 1956, watu walisongamana mpaka mlangoni mwa gereji, na Juliana akasukumwa ndani bila kupenda. Alivaa gauni la maua mekundu na sweta ya kijani. Isakwisa, fundi wa springi za malori, alimwona akasahau koleo mkononi.

"Chuma umekwisha kukizima kwenye oili, mbona unakirudisha motoni? Umekosea?" msichana aliuliza.

"Sikukosea, dada. Ndani ya chuma mna chembe zisizoonekana, zinaitwa atomu. Hazitulii, zinatetemeka. Ukizipa moto mkali zinatetemeka mpaka zinajipanga upya. Ukizizima ghafla zinabanwa vibaya. Chuma kinakuwa kigumu, lakini kinavunjika kama kigae. Moto wa pili, mdogo, unazipa nafasi ya kukaa sawa."

"Nani kakudanganya hayo?"

"Mwalimu wa ufundi. Hata mimi sasa natetemeka, na moto sijaugusa."

Juliana alicheka mpaka akafunika uso. Alikuwa Mhehe wa Iringa, amemtembelea shangazi yake kwa wiki tatu, na kila siku alipata sababu ya kupita gerejini.

Siku ya kurudi kwao, basi lilikuwa la saa nne. Asubuhi hiyo Isakwisa alikuwa na springi ya lori aliloendesha Tadeo, kaka yake Juliana. Alikizima chuma, akatazama saa, akaifunga springi bila moto wa pili. Alifika stendi akihema.

"Nilidhani huji, mpenzi."

"Nisije? Labda nife."

Karibu na Nyololo, kwenye barabara ya Iringa, springi ilivunjika, lori likaingia mtaroni na mahindi yake. Tadeo alivunjika mguu. Tajiri wa Iringa mwenye lori akamfukuza, akatangaza kwamba alilewa, mtu ambaye ulanzi, pombe ya mianzi, hakuujua hata ladha.

Isakwisa alinyamaza miezi mitatu. Juliana alipopiga simu kutoka posta akilia, "Kaka anaitwa mlevi!" alijibu tu, "Pole, mpenzi." Alijiona mwizi.

Njia ya mwongo ni fupi. Alipokwenda Iringa kuposa na mshenga wake, mzee Yotamu, Tadeo alijikongoja kwa magongo mpaka sebuleni.

"Baba, mpe. Huyu ni fundi wa kweli, namdhamini mimi."

Isakwisa alishindwa kuvumilia. "Usinidhamini, shemeji. Springi yako niliifunga kabla haijawa tayari, nikiwahi basi la Juliana. Aliyekuvunja mguu ni mimi."

Mzee Yotamu alishika kichwa. Tadeo aliketi, akalaza magongo sakafuni. Juliana aliweka chini sinia ya chai, taratibu.

"Miezi mitatu," alisema. "Nililia kwenye simu, ukaniambia pole."

"Niliogopa kukupoteza."

"Ukaona bora apotee kaka yangu. Twende kwa tajiri, ukamwambie hayo hayo."

Walitembea bila kushikana mikono. Tajiri alimtukana Isakwisa matusi yote aliyoyajua, akaapa kumwandikia mwenye gereji. Isakwisa alipotoka, Juliana alikuwa bado amesimama getini, amejikunyata kwa baridi.

"Umesema?"

"Nimesema. Amekubali kaka yako arudi kazini mguu ukipona. Mimi nadhani sina kazi tena."

"Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka Krismasi, labda na mbele yake." Alifuta machozi kwa kiganja. "Sasa rudi ukamalize posa yako. Baba hajasema hapana."