Picha Haikuniuliza

Du! Kimya. Du! Kimya tena, kirefu zaidi. Halafu du! nyingine, hafifu, kama mtu anayebisha hodi kwa woga.

Kijiji kizima cha Kisawasawa kinaijua sauti ya kinu. Michi miwili ikipokezana, mlio wake hauna pengo. Huu ukishuka, ule unapanda. Lakini asubuhi ile, nyuma ya migomba ya Mama Brigitha, mchi ulikuwa mmoja, tena ulikuwa unachechemea.

Aliyekuwa akitwanga ni Apolonia, mke wa Kasmiri. Alitwanga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliubana kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga.

Mama mkwe wake, Mama Brigitha, alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama kawaida yake.

"Hicho ni kinu au kuku anaparua?" aliuliza.

"Ni mkono, mama."

"Mkono! Daktari hakusema umepona?"

"Alisema."

"Basi mwongo ni nani, wewe au daktari?"

Apolonia alibana midomo. Akainua mchi tena.

Msimu uliopita alianguka kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kufukuzia ndege shambani. Kwelea walikuwa wameushukia mpunga kama wingu. Yeye akasimama, akapiga debe, akapiga kelele, ubao ukavunjika. Alianguka juu ya mkono wa kulia. Hospitali walimfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe. Siku ya kulitoa, daktari aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha. "Mfupa umeunga vizuri. Umepona. Nenda salama, mama." Akaita mgonjwa mwingine.

Apolonia akaenda. Lakini salama hakuiona. Kifundo kilikuwa kigumu kama kuni. Vidole havikufunga ngumi. Usiku maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko.

Na nyumbani nani angemwamini? Mumewe, Kasmiri, alikata miwa katika mashamba makubwa na kurudi nyumbani Jumamosi. Kila Jumamosi mama yake alimsomea mashtaka yaleyale: mkeo hatwangi, mkeo hakamui nguo, mkeo hata mtoto wake Angelina anafungiwa mgongoni na jirani. Mwisho Kasmiri akachoka.

"Mwezi ujao tunakaa na wazee wa ukoo," alimwambia mkewe. "Wakisema urudi kwenu Sanje, utarudi."

Kurudi Sanje kabla ya mvua! Na lile shamba la bondeni, alilolifyeka yeye mwenyewe, lingelimwa na nani? Apolonia hakulia. Alimtazama mumewe usoni.

"Nitaondoka siku mtakayonionyesha uvivu wangu," alisema. "Mkinionyesha ugonjwa, siondoki."

Asubuhi hiyo ya kinu kinachochechemea, kengele ya baiskeli ililia njiani. Akaingia mwanamke kijana, vumbi hadi magotini.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama Brigitha alijibu. "Karibu kigoda."

Mgeni akajitambulisha. Jina lake Ester, anakaa Mlabani, Ifakara mjini. Alifanya kazi na watafiti wa huduma za afya. Jirani yao Sada, aliyekuwa akichambua mboga upande wa pili wa ua, alisogea kusikiliza.

"Utafiti!" Sada alisema. "Dada, kama umekuja kututoa damu, mimi yangu imekwisha. Yote imenyonywa na mbu."

Ester akacheka. "Sitaki damu, dada. Nataka maneno. Kuna utafiti wa kutafuta dawa. Huu wetu unaangalia huduma yenyewe. Mgonjwa akishatoka pale mlangoni pa hospitali, anaendeleaje? Tunawafuata waliovunjika mikono." Akamgeukia Apolonia. "Mama Angelina, hulazimishwi kujibu. Ukikataa, matibabu yako hayatapungua. Ukijibu, hakuna atakayetajiwa jina lako bila ruhusa yako. Ungependa tuzungumze peke yetu?"

Apolonia alimtupia jicho mama mkwe wake. "Niulize hapahapa. Sina cha kuficha."

"Haya. Unaweza kushika kalamu?"

"Naweza."

"Unaweza kugeuza ufunguo mlangoni?"

"Mlango wetu unafungwa kwa kamba."

"Basi hilo naliruka. Kufungua bomba la maji?"

"Tunachota kisimani."

"Naliruka. Kukata nyama kwenye sahani kwa kisu na uma?"

Sada aliangua kicheko mpaka mboga zikamwagika. "Nyama yenyewe iko wapi?"

Ester naye akatabasamu, lakini akaendelea. Kubonyeza swichi ya taa. Kupiga simu. Kuchana nywele. Nywele Apolonia alizichana kwa mkono wa kushoto, akasema naweza. Mwisho Ester akajumlisha majibu.

"Ahsante sana. Kwa majibu haya, mkono wako umepona."

Mama Brigitha alipiga makofi. "Si nilisema! Daktari amesema, na utafiti umesema. Ukoo nao usemeje?"

Maneno hayo yalimchoma Apolonia kuliko lile anguko la kwenye dungu. Alimwona Ester akifunga mkoba. Akamwona akishika usukani. Akatoka mbio, akasimama mbele ya gurudumu la baiskeli.

"Huondoki."

"Mama Angelina..."

"Huondoki, nasema! Umekuja kuniuliza habari za watu wengine. Ufunguo wa nani? Swichi ya nani? Mimi nikikosa kugeuza ufunguo sitafukuzwa. Nikikosa kutwanga, nafukuzwa. Mbona kutwanga hukuniuliza?"

Ester alishusha mguu kutoka kwenye pedali.

"Niulize kukamua nguo. Niulize kushika jembe. Niulize kumfunga mwanangu mgongoni. Sada, nani ananifungia Angelina?"

"Mimi," Sada alisema. Safari hii hakucheka.

"Nyanyua mchi huo, dada," Apolonia alimwambia Ester. "Nyanyua uone jinsi mtu anavyopona Kisawasawa!"

Ester akaegemeza baiskeli kwenye mgomba. Akashika mchi kwa mikono yote miwili, akatwanga. Du! Du! Kisha akampa Apolonia. Apolonia alijaribu kuukamata kwa mkono wa kulia. Vidole vikakataa, mchi ukamponyoka na kuanguka vumbini. Jasho jembamba lilimtoka usoni.

Ester aliuokota mchi, akaufuta vumbi kwa ncha ya khanga yake.

"Nisamehe," alisema. "Maswali haya yalitungwa mbali, kwa watu wenye maisha mengine. Sisi tuliyageuza kuwa Kiswahili tu, hatukuyageuza kuwa maisha ya hapa. Hapo tulikosea."

"Na hilo jibu la kupona?"

"Nalifuta sasa hivi." Akalifuta mbele yao. "Mama, picha inaonyesha mfupa. Daktari anapima jeraha. Lakini maumivu, usingizi, na kazi unayoshindwa, hayo hayaonekani kwenye picha. Anayeyajua ni mgonjwa peke yake. Asiposema, au tusipomuuliza vizuri, hospitali itaendelea kudhani imemaliza kazi."

Kisha akamgeukia Mama Brigitha kwa heshima. "Mama, mfupa unaweza kuunga na viungo vikakakamaa. Si uvivu. Na mara nyingi vinaweza kulegezwa, mtu akisaidiwa mapema."

Mama Brigitha aliguna. "Sisi zamani tulivunjika, tukatwanga," alisema. Akaunyoosha ule mguu wake, akatazama kando.

Ester hakurudi peke yake mara ya pili. Alikuja na mwenzake, wakakaa na wanawake na wanaume wa vijiji vya jirani waliowahi kuvunjika mikono. Wakawauliza: mtu akipona, ninyi mnajua kwa dalili gani? Mvuvi akasema, akivuta wavu. Mkata miwa akasema, akishika panga kutwa nzima. Bibi mmoja akasema, akila ubwabwa kwa mkono wa kulia mbele ya wageni bila aibu. Maswali mapya yakatoka kwenye vinywa vyao.

Apolonia akayatungia na wimbo. Aliuimba kinuni, Sada akimsaidia kutwanga, kwa sauti iliyovuka migomba hadi barabarani:

Mfupa umeungana,
mkono haujapona;
picha wakaonyeshana,
mimi hawakuniona.

"Unawatukana madaktari," Mama Brigitha alionya.

"Siwatukani, mama. Nawajulisha."

Siku moja Ester alileta mwaliko. Hospitali itakaa kikao kusikiliza matokeo ya utafiti. Wagonjwa wanaotaka kusema wenyewe, waje. Kasmiri aliposikia, alikuna kichwa.

"Ukoo utasubiri," alisema. "Lakini nitakwenda nawe. Na huko nako wakisema umepona, usije ukasema nilikuonea."

"Twende," Apolonia alijibu. "Ukasikie kwa masikio yako."

Chumba kilijaa makoti meupe. Daktari Hermenegildi, yuleyule aliyeinua picha dirishani, alikaa mbele. Ester alieleza waliyoyakuta: wagonjwa wengi walioandikwa wamepona walikuwa hawawezi kurudia kazi zao.

Daktari alitikisa kichwa. "Wagonjwa hulalamika. Ni kawaida. Picha zao nimezitazama mwenyewe. Mifupa imeunga."

Ester akauliza kama kuna mgonjwa atakayependa kusema, hata bila kutaja jina. Apolonia alikuwa ameshasimama.

"Jina langu ni Apolonia, wa Kisawasawa. Litajeni tu! Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama."

"Hogo ulinifunga vizuri. Kwa hilo nakushukuru, na nitakushukuru kila siku. Lakini ulimuuliza mfupa, hukuniuliza mimi. Picha nayo haikuniuliza."

Alitoa khanga kwenye kikapu, akaichovya kwenye ndoo ya maji iliyokuwa pembeni. Akaikamua mbele yao. Mkono wa kushoto ulisokota. Wa kulia ulitetemeka tu. Matone machache yakadondoka. Akaikunja akampelekea daktari.

"Hii nimeikamua mimi uliyesema nimepona. Sasa ikamue wewe."

Kasmiri aliinamisha kichwa. Daktari Hermenegildi aliitazama khanga, akamtazama mwanamke. Akainuka. Alipoisokota, maji yalimwagika yakalowesha viatu vyake.

Hakukasirika. Alisimama palepale na khanga mkononi, maji yakitiririka sakafuni.

"Wako wengi hivi?" alimuuliza Ester.

"Wengi, daktari. Na wengi wao waliniambia hakuna aliyewafundisha kuchezesha vidole wakiwa na hogo."

"Kweli hatufundishi," muuguzi mmoja alisema kutoka nyuma. "Tunafunga, tunawaambia waende."

Daktari alivuta kiti, akakaa mbele ya Apolonia. Akaushika ule mkono wa kulia, akaukunja taratibu. "Hapa panauma? Kazi gani inakushinda zaidi?" Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza hivyo. Apolonia akamweleza yote, na daktari akasikiliza yote.

Siku ileile alifundishwa. Kuloweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu. Kukunja ngumi na kukunjua. Kuminya donge la kitambaa. Kuinua kifundo na kukishusha, taratibu, kila siku, bila kuruka. Mkono ukivimba, ukifa ganzi, au maumivu yakizidi, aache na kurudi hospitali upesi.

Na kwa waliokuja baada yake, hospitali ilibadili utaratibu. Mgonjwa anayefungwa hogo hufundishwa palepale kuchezesha vidole, kiwiko na bega, visilale pamoja na mfupa. Likitolewa, haambiwi tena "nenda" na basi. Huulizwa kwanza: unaumwa? Unalala? Unaweza kufanya nini, na nini kinakushinda? Akisema kuna kinachomshinda, hupangiwa siku ya kurudi.

Njiani kurudi nyumbani, Kasmiri alimpokea mkewe kikapu. Kisha akasema, "Nilikuita mvivu."

"Uliniita."

"Wazee wa ukoo sitawaita tena. Jumamosi nguo nitakamua mimi."

"Na majirani wakicheka?"

"Wacheke. Nitawapa khanga wakamue."

Mvua zilipoanza, Apolonia alikuwa bondeni, jembe mikononi. Mkono haukuwa kama ule wa zamani, lakini ulishika. Angelina alikuwa mgongoni, amefungwa na mama yake mwenyewe.

Asubuhi moja alianza kutwanga. Sada alikuwa amekwenda sokoni. Du! Halafu, bila kutarajia, da! Mchi wa pili ulikuwa umeingia kinuni. Apolonia aliinua macho. Alikuwa Mama Brigitha.

Walipokezana. Du-da, du-da. Mlio haukuwa na pengo. Lakini baada ya muda mfupi Apolonia aliona jinsi mama mkwe wake anavyosimama: uzito wote mguu mmoja, ule wa pili ukigusa chini kwa vidole tu. Midomo ameibana. Apolonia aliijua midomo ile. Ilikuwa midomo yake mwenyewe.

Akausimamisha mchi.

"Mama, huo mguu una nini?"

"Hauna kitu. Twanga."

"Mama."

Mama Brigitha aliegemea mchi. "Nilianguka kisimani, Kasmiri angali mdogo. Nikalazwa. Wakaniambia nimepona." Sauti yake ikashuka. "Nikatwanga hivyohivyo. Nani aliniuliza? Mama mkwe wangu naye aliniita mvivu."

Apolonia alikumbuka kejeli, makofi, na yale maneno ya kila Jumamosi. Yangeweza kumrudia mdomoni sasa. Akayaacha yapite. Alimshika mama mkwe wake kwa mkono wa kulia, vidole vikafunga barabara.

"Ni miaka mingi, mwanangu. Pengine hautibiki."

"Pengine. Hilo watatuambia wakishakusikiliza."

"Wakinicheka?"

"Mama, nisikilize," Apolonia alisema kwa sauti kubwa, kama anayetaka Kisawasawa nzima iwe shahidi. "Jumatatu tunakwenda wote, mimi na wewe. Utasema kila kinachouma. Wakikwambia umepona na wewe hujapona, mimi nitasimama mlangoni pao, na hatutoki mpaka wakuulize. Nakuahidi."