Kitabu cha Sauti ya Nne

Jua lilikuwa limebakiza kidogo kuzama Burito alipoiegesha baiskeli ya kuazima mbele ya boma lililohamwa, nje kidogo ya Mugeta. Alikuwa amefuata kitabu. Chenyewe kurasa kumi na mbili tu, na kwa ajili yake alipanda basi kutoka Musoma mpaka Bunda, akaomba baiskeli kwa fundi Rashidi, akanyonga juani mpaka mapaja yakamwaka moto. Watu wa kwaya wana ugonjwa wao, nao hauna dawa.

Misa ile ya Kilatini ilichapwa Ulaya kabla ya vita vya Mjerumani, katika vitabu vinne vyembamba, kila sauti na chake. Makanisa yalipoanza kuimba Kiswahili, nota za zamani zikageuka karatasi za kufungia karanga na ugoro. Burito, mwalimu wa kwaya kule Kamunyonge, Musoma, alikuwa akiziokoa moja moja pamoja na rafiki yake Boniphace, mwaka wa kumi na moja sasa. Sauti ya kwanza waliitoa kwenye sanduku la marehemu katekista wa Kiriba. Ya pili na ya tatu walizikuta Butiama, zimezibia dirisha bovu. Zote tatu zilikaa sandukuni, chini ya kitanda nyumbani kwa Burito. Ya nne ndiyo besi, sauti aliyoimba Burito mwenyewe. Hiyo ilikuwa haionekani.

Hadi juzi.

Boniphace alikauka koo ghafla mwaka jana, akawa hatoi hata mnong'ono. Juzi akamwandikia Burito kwenye karatasi: "Ipo Mugeta, kwa Bibi Hana aliyegoma kuhamia kijijini. Nenda peke yako, tukiwa wawili ataogopa." Burito alimkumbatia kama ndugu. Mwaka mzima ndiye aliyemzungusha hospitali, ndiye aliyempelekea asali na mchuzi wa samaki kamongo. Alifurahi kuona rafiki hajamsahau.

"Hodi..."

Nyumba tano za boma lile zilikuwa zimeezuliwa mapaa tangu operesheni ya vijiji ilipowahamisha watu. Ya sita ilikuwa ikifuka moshi. Harufu iliyotoka humo haikuwa ya chakula. Ilikuwa ya ubani wa kanisani, na chini yake kitu kama udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Pita," sauti ilinong'ona.

Bibi kikongwe alikaa kwenye kigoda, rozari shingoni, hirizi mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiyo Burito?"

"Ndiyo."

"Nakungojaga tangu masika."

Burito alitaka kuuliza nani alimtajia jina lake tangu masika, lakini bibi alikuwa ameshampa kitabu, kimefunuliwa ukurasa wa kwanza. Karatasi haikuliwa na mchwa hata kidogo. Nota zilikuwa nyeusi, safi, kama zimechapwa jana. Akasogea mlangoni kufuata mwanga uliobaki.

Sasa, mtu wa kwaya ukimpa nota hatazami tu. Hawezi. Ni lazima azionje mdomoni, hata msibani, hata mbele ya askofu. Burito akaitafuta do kooni, akaipata, akaimba mstari wa kwanza polepole.

Kwenye mstari wa pili, wengine wakaingia.

Sauti zao zilitoka kwenye zile nyumba zisizo na mapaa. Sauti ya kwanza... ya pili... ya tatu. Waliimba kwa pumzi ndogo, kama watu waliolala chali.

Burito akafunga mdomo.

Besi haikunyamaza.

Iliendelea bila yeye. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na kikohozi chake kidogo cha mwisho wa mstari. Ikatoka mlangoni, ikavuka uani, ikapotelea upande wa barabara ya Bunda.

"Bibi!" alipiga kelele.

Midomo ilifunguka. Hakikutoka kitu.

"Geuza jalada," Bibi Hana alinong'ona, na huruma ilikuwa imemjaa usoni.

Nyuma ya jalada palikuwa na majina, moja chini ya jingine, mengine yameandikwa kwa wino, mengine kwa penseli. Kwangu. Clementi. Wanzagi. Yote yalikatwa kwa mstari. Halafu Boniphace. Halafu Burito. Hayo mawili yaliandikwa na mkono mmoja, na Burito aliujua mwandiko ule. Ulimnakilia nyimbo miaka yote kumi na moja.

Bibi akachukua kipande cha mkaa, akalikata jina la Boniphace.

"Alikuja mwaka jana, akaimba kama wewe. Ya kwake ikaenda. Masika akarudi, akaandika jina lake na la mtu wa kumlipia. Kitabu hii haitokagi hapa, mwanangu, mimi nakaaga nayo tu. Nikamuuliza, huyo mtu akifika asipoimba? Akaniandikia hapa mchangani: Ataimba. Namjua."

Namjua. Burito alisikia uchungu uliopita hofu. Boniphace alikipata kitabu mwaka mzima uliopita, akamficha. Kisha akakaa mezani kwake, akinywa mchuzi wake, jina lake akiwa ameshaliandika.

Usiku ule Burito alilala kituoni Bunda. Kesho yake saa sita mchana akafika nyumbani. Mama yake, Nyamburi, ambaye mtoto wa jicho alimpofusha miaka sita iliyopita, alikuwa ndani akichambua maharage.

"Nani?"

Burito alifungua mdomo.

"Nani huyo? Si useme!"

Akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake, akauweka shavuni kwake. Nyamburi akauvuta kwa nguvu, maharage yakamwagika sakafuni.

"Usinishike! Mwanangu angesema!"

Hatua zikasikika uani. Boniphace akaingia, shati limepigwa pasi. Akamtazama Burito, akageuza macho upande.

"Mama, nimerudi," alisema.

Kwa sauti ya Burito. Na kile kikohozi kidogo.

"Burito! Njoo baba, njoo haraka! Kuna mtu humu ndani, hasemi!"

"Usiogope, Mama. Nipatie kwanza lile sanduku la nota."

Nyamburi akapapasa chini ya kitanda, akalivuta, akampa. Burito aliruka, akamkaba rafiki yake shingo. Kifundo cha koo kilikuwa kikicheza chini ya vidole vyake, chenye moto, kikisema kwa upole:

"Ni mgonjwa wa akili, Mama. Nitamtoa taratibu."

Nyamburi akanyanyuka na mchi wa kinu. Pigo la kwanza lilimpata Burito begani, la pili mgongoni. Mama wa watu alikuwa analia, anapiga, anamtetea mtoto wake. Burito akaachia, akarudi nyuma mpaka nje, mlango ukafungwa usoni pake.

Akabaki amesimama juani. Ndani, alisikia komeo likisukumwa.

"Usiondoke tena leo, baba," mama yake alisema. "Kaa na mimi."

"Nakaa, Mama," alijibiwa. "Nimekuja kukaa."