Kiroba cha Marehemu Gaudiose

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchemsha uji, na kumfunga Bibi vifungo vya gauni. Hiyo ya tatu ilikuwa siri. Bibi Pudensiana alikuwa akifunga mlango kwanza, kisha ananionya kwamba nikimwambia mtu yeyote, mimi na yeye si wake wenza tena. Kwetu kijijini Mamba bibi humtania mjukuu wake wa kike hivyo, ila siku hizo hakuwa anatania. Mimi nami, Lusia wa darasa la sita, nilinyamaza kama nilivyoambiwa.

Mambo yalianza kwenye msiba. Mdogo wake Bibi, Gaudiose, alianguka shambani wakati wa mavuno, akafia pale pale kando ya kiroba chake cha mpunga. Waombolezaji wakawa wengi, chakula hakikutosha. Bibi alikuwa na sifa ya kubeba mizigo kichwani bila kuishika tangu usichana wake, basi akaenda mwenyewe shambani, akajitwika kile kiroba na kukileta nyumbani. Tulikoboa, watu wakala wakashiba. Haikupita wiki, shingo yake ikakataa kugeuka.

Akitaka kutazama pembeni aligeuka mwili mzima. Akilazimisha shingo, nilisikia mlio ndani yake, kama mchanga unaosagwa.

Mchana mmoja tulikuwa tunatoka kisimani, jua liko utosini, hata ndege hawalii. Mimi nilitangulia kama hatua kumi hivi, ndoo yangu kichwani. Nyuma yangu Bibi akasimama.

"Lusia, ondoa mkono wako begani kwangu."

Niligeuka. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ndoo. Nyuma ya Bibi hapakuwa na mtu, ni njia tupu na mabua ya mpunga tu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mkono ule unashuka taratibu, umefika kwenye kiwiko, sasa umemshika vidole. Kidumu chake kikamponyoka, maji yakamwagika miguuni mwake, naye hakuonekana kujua kwamba kimeanguka. Niliogopa, jamani, sitaki kudanganya. Tangu siku hiyo nikawa namwacha Bibi atangulie, na hapo pia nikaogopa, maana sasa wa nyuma nilikuwa mimi.

Habari zikamfikia Babu Zefania, kaka mkubwa wa Bibi. Bibi alimweleza habari za shingo na za bega, lakini za vidole akazimeza. Aliona aibu, mtu mzima kuvishwa na mtoto. Babu akasema kwamba mzigo wa marehemu haubebwi kabla ya matanga kuisha, na kwamba Gaudiose anaudai. Dawa aliyoijua ilikuwa moja. Kile kiroba kijazwe mpunga upya, Bibi ajitwike, akirudishe mahali Gaudiose alipoangukia na kukitua hapo. Tangu kiroba kitakapoinuliwa hadi kitakapotuliwa, asiseme mtu neno lolote. Atakayesema, mzigo utahamia kwake.

Jumamosi asubuhi ukoo ulikusanyika uwanjani. Kina mama walisimama kimya, na hata watoto wadogo walizibwa midomo. Bibi alikunja ngata ya kanga, akaiweka kichwani kwa shida. Wanaume wawili wakainua kiroba.

Nilijua kitu ambacho wengine hawakukijua. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba mishipa ya fahamu inayoendesha mikono hupitia shingoni, na vidole vya Bibi nilikuwa navijua mimi. Vilikuwa vimelegea. Nikasema, je, shingo hiyo ikitwikwa kiroba kizima itakuwaje? Niliyasema hayo moyoni. Mdomo ulikataa, kwa sababu nilihisi wazi kabisa kitu cha baridi kinanigusa kisogoni.

Kiroba kikafika juu ya kichwa cha Bibi.

"Msimtwike! Bibi hawezi hata kufunga vifungo vyake. Namfunga mimi kila siku."

Watu wote wakarudi nyuma, mimi nikabaki peke yangu katikati ya uwanja. Bibi alinitazama kwa macho makali, halafu machozi yakamtoka. Babu Zefania akawaashiria wale wanaume washushe mzigo. Akafungua kifungo kimoja cha gauni la Bibi na kumwambia akifunge. Bibi alijaribu, akajaribu tena, vidole vikateleza. Babu akaenda kutafuta gari la kutupeleka hospitali mjini Mpanda.

Njia nzima shingo yangu iliniuma. Nilijua mzigo umenihamia, nikawa sithubutu kugeuka.

Daktari Yustina alimpiga Bibi picha ya shingo, akatuonyesha. Pingili zilikuwa zimelika kwa umri na kwa miaka mingi ya mizigo, na mifupa ilikuwa imeota vijinundu vilivyobana mshipa wa fahamu. Kumbe ule mkono wa begani na mlio wa mchanga vilitoka humo humo. Akasema kiroba cha msibani kiliamsha tu kilichokuwepo siku nyingi, na kama kingine kingepandishwa, huenda mkono ungepooza kabisa. Alimpa dawa za maumivu, kola ya kuvaa shingoni kwa siku chache na mazoezi ya kufanya taratibu, na akamkataza kubeba kitu kichwani. Akamwambia arudi kila mwezi apimwe nguvu za mkono, kwani zikipungua itabidi aonwe na bingwa wa upasuaji. Mimi akanipapasa shingo, akacheka. Ilikuwa imekakamaa kwa hofu tu.

Ilipotimia miezi mitatu, vidole vya Bibi vilikuwa vimepata nguvu nyingi, ingawa si zote. Babu Zefania akauita ukoo tena.

"Gaudiose hakumdai mtu kitu," alisema. "Ni mimi niliyetaka kumtwika dada yangu kifo, tena kwa mapenzi, kwa sababu sikumuuliza mwenye ujuzi. Na wewe Pudensiana ulinificha. Mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akanigeukia mbele ya watu wote. "Mtoto wa nyumba hii akiona mkubwa anaumia, aseme. Aseme hata kama sisi wakubwa ndio tuliomwambia anyamaze."