Mizani Isiyokubali Kunyamaza

— Kapya, kuya uangalie hii.

Kapya hakuinua macho. Ijumaa saa tisa mchana, bureau yao ya katikati ya Lubumbashi, ile inayounda mizani za kupimia watoto kwenye maternité, yaani wodi za uzazi, ilikuwa imebaki na watu wawili: yeye na Kapinga, mchumba wake. Jumatatu mizani zinaondoka kwenda hospitalini. Na kesho, familia ya Kapya inangojewa mtaa wa Karavia, kwa mjomba wa Kapinga, kuleta posa.

— Weka tu jina, chérie. Nimechoka.

— Na miye nimechoka. Kuya.

Desturi ya pale, code ya mtu, yale maagizo anayoiandikia kompyuta, haipiti mpaka mwingine aisome na kuweka jina lake. Kapinga alikuwa akiwekea code za Kapya jina bila kusoma hata mstari. Mapenzi yanatia uvivu, tusidanganyane. Leo alisoma.

Akaweka pakiti ya sukari juu ya mizani. Kompyuta ikaandika kilo moja. Akachomoa kamba ya USB, akaondoa sukari.

— Sasa inaandika nini?

— Kilo moja.

— Na juu ya mizani kuko nini?

— Hakuna kintu.

Ndani ya pilote, ile programu inayounganisha mizani na kompyuta, Kapya alikuwa ameandika hivi: mizani ikinyamaza, rudia uzito wa mwisho. Pembeni akaacha neno moja, *provisoire*, yaani ya muda tu.

— Kamba ilikuwa inakatika-katika, akasema. Kila saa écran iko naandika erreur, patron anakasirika. Njo nikaweka ile.

— Na mutoto wa pili? Batamupimia dawa na kilo ya mutoto wa kwanza?

Kapya akajikuna shingo.

— Lakini wewe njo uliipitisha.

Kapinga akatafuta. Kweli, jina lake lilikuwepo, la mwezi wa pili. Aliikumbuka siku ile. Kapya alimwambia kwamba mama yake, mama wa Kapya, amekubali wao kuoana, naye kwa furaha akapitisha kila kitu kilichokuwa mbele yake. Aibu ilimshika. Kisha wazo lingine likamjia, na hilo likamuumiza zaidi.

— Kapya, mama yako atakuya kesho?

— Iko bien. Alikubali.

— Miezi ine nakuuliza, unanipa ile ile jibu. Ni jibu ya lini?

Kapya akakaa chini polepole.

— Ya mwezi wa pili. Kisha akasikia baba yako ni mutu wa Kasaï, na yeye hapendi bantu ba kule. Tangu pale, nikimuuliza, ananyamaza.

— Na wewe unaniambia alikubali.

— Niliogopa utaniacha. Nilisema pengine atabadilika mbele ya siku kufika.

Kapinga hakulia. Alichoka tu, uchovu wa mtu aliyebeba mzigo safari ndefu akakuta haukuwa na kitu ndani. Viti vya wageni wa kesho vilikuwa vimeshakodiwa. Akavua pete ya uchumba aliyopewa na Kapya, akaiweka mezani.

— Futa ile mustari.

Kapya akafuta. Akaandika mpya, na Kapinga akaisoma yote, neno kwa neno. Wakachomoa kamba. Écran ya kompyuta ikaandika: *Sijui. Pima tena.*

Kapinga akaweka jina lake. Kapya akachukua simu, akampigia mama yake, akaweka haut-parleur ili Kapinga naye asikie.

— Mama, kesho utakuya ku Karavia?

Kimya. Kilikuwa kirefu, na safari hii Kapya hakukijaza.

— Sijui, mutoto yangu, mama akasema mwishowe. Ule binti sijamuona hata siku moja. Mulete kwanza.

— Lini?

— Leo. Nimeshapika bukari, mutakula kwangu.

Kapinga akampigia mjomba wake: kesho hakuna wageni, viti virudishwe. Mjomba akanguruma, yeye akamwacha angurume mpaka amalize.

Kapya akamnyooshea pete. Kapinga akaipokea, akaitia ndani ya sakoshi yake ya mkononi.

— Hauivai? Kapya akauliza.

— Bado. Twende kwanza kwa mama.