Orodha Niliyompa Meneja

Kila siku baada ya shule nilikwenda kiwandani kumsubiri mama. Kilikuwa kiwanda cha viatu, na ukikaribia lango, harufu ya gundi ilikupokea kabla ya mtu yeyote. Mzee wa lango alikuwa na daftari kubwa lenye jalada jeusi, na ndani yake aliandika kila kilichoingia na kila kilichotoka. Hata paka angeandikwa kama angekubali kusimama.

"Mwanafunzi mmoja, mkoba mmoja, saa tisa na dakika ishirini," alisema kwa sauti, huku akiandika. "Pita, mjukuu wangu."

Mama alikuwa mshauri wa wafanyakazi. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina viti viwili na jagi la maji, na kazi yake ilikuwa kuwasikiliza waliolemewa: mwenye msiba, mwenye ugomvi nyumbani, aliyeshindwa na pombe. Wengine aliwapeleka hospitali, wengine aliwaombea ruhusa ya siku mbili, na wengine walitaka tu mtu wa kuwasikiliza bila kuwacheka. Chumba kilikuwa na miezi sita tangu kifunguliwe. Wenye midomo walikiita Chumba cha Machozi.

Mimi nilikaa kwenye benchi la nje na hesabu zangu za darasa la sita. Mama alinipa amri moja: mtu akija, inamisha kichwa uangalie daftari lako. Nilikiinamisha kweli, lakini macho hayana kufuli. Katika miezi ile sita nilikuwa nimewaona wengi walioingia, akiwemo baba yake Chapuchapu.

Chapuchapu alikuwa rafiki yangu na tulikaa dawati moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu alifanya kila kitu mbio, hata kupiga chafya. Baba yake alikuwa mkata soli. Mashine yake ilikuwa na kisu kizito kilichoshuka kwa kishindo, na mtu asipokuwa makini huacha kidole hapo. Mwaka ule walimzika mdogo wake Chapuchapu, mtoto wa miaka miwili. Baada ya mazishi baba yake alianza kuingia kwa mama kila Jumatano, na kila Jumatano alitoka na macho mekundu. Nyumbani kwao hawakujua. Sikumwambia Chapuchapu, na mpaka hapo sina la kujilaumu.

Jumatatu moja meneja alikuja mwenyewe. Aliacha mlango wazi, nami nikasikia kila kitu.

"Mama, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini wakubwa wanauliza chumba hiki kinatusaidia nini. Ghala limefurika. Hapa yangeingia maboksi mia tatu."

Mama akafungua daftari lake. Kwa kila mtu aliyekuja alikuwa amechora mstari mmoja, bila jina. Mistari tisini na sita.

Meneja akacheka. "Vijistari! Hata mwanangu wa chekechea anachora vijistari. Niletee majina. Nani alikuja, na alikuwa na shida gani."

"Majina siwezi, bosi. Waliniamini. Lakini nimekuandikia barua mara mbili, nikiomba tuangalie siku ambazo watu hawakuja kazini, na ajali zilizotokea. Kwa jumla tu, bila kumtaja mtu."

"Barua gani tena? Nataka majina kufikia Ijumaa. La sivyo, Jumatatu maboksi yanaingia."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimuuliza, "Mama, si umpe tu? Ni karatasi moja."

"Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu," alijibu. "Kata ikianza kusema, nani ataitia tena mtungini?"

Nilimwona mama mjinga. Ndiyo, nasema ukweli, nilimwona mjinga. Nilijua kwamba bila kazi ile tungehama nyumba, na mimi ningehama shule, na yeye anakuja na methali! Nikajiambia kwamba kama yeye hajui kujitetea, mimi nitamtetea.

Alhamisi, nikiwa kwenye benchi lile lile, nilichana karatasi katikati ya daftari na kuandika majina kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Majina yenyewe siyataji hapa. Niliyaandika mara moja, na yatosha. Nilipata kumi na moja. Orodha ikaonekana imekonda, basi nikaongeza wanne ambao hawakuwahi kukanyaga pale, mmoja wao mzee wa lango. Mbele ya kila jina niliandika shida, niliyoijua au niliyoibuni. Mbele ya mzee wa lango niliandika "pombe", kwa kuwa nilikuwa nimeishiwa shida. Mbele ya baba yake Chapuchapu niliandika "analia".

Meneja alipopita nilimpa karatasi ile mkononi. "Mama amenituma," nikasema.

"Aha!" Alifurahi sana. "Kumbe anaelewa."

Jumatatu maboksi hayakuja. Nilijiona shujaa. Mama alishangaa, akadhani meneja amesoma barua zake. Lakini siku ile hakuja mtu chumbani, wala Jumanne. Jumatano mama aliweka glasi mbili za maji mezani, akasubiri hadi kengele ya kutoka. Baba yake Chapuchapu hakutokea.

Nilimwona tulipokuwa tunatoka. Alikuwa anafagia vipande vya soli sakafuni. Meneja alikuwa amewaonyesha wasimamizi orodha yangu, na msimamizi wake alikuwa amemwondoa kwenye mashine mbele ya wenzake wote. "Mtu wa kulialia hapewi kisu," alimwambia mtu aliyeiendesha mashine ile miaka kumi na mitano. Kijana mmoja wa gundi alimrushia leso. "Shika, Baba Machozi!" Watu wakacheka. Yeye aliiokota ile leso, akaitia kwenye pipa pamoja na takataka, akaendelea kufagia.

Kesho yake Chapuchapu alihamisha mkoba wake kwenye dawati la nyuma. Aliuhamisha taratibu, yeye ambaye hakuwahi kufanya kitu taratibu.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Baba hali. Anakaa tu anaangalia ukuta. Anasema mama yako ni redio."

Hapo ndipo ningesema. Ulimi ulikuwa kinywani na maneno ninayo. Sikusema. Nilimwacha mama yangu aitwe redio, nikafungua kitabu cha jiografia.

Alasiri ile ile, nilipofika kiwandani, nilimkuta mzee wa lango ameacha lango. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Alikuwa anatembea kwa hasira kuelekea ofisi ya meneja, daftari jeusi kwapani, na mama alikuwa ameitwa. Nikawafuata.

"Nani kasema mimi mlevi?" mzee alifoka. "Mimi, ambaye hata soda inanipa kizunguzungu! Eti nimekwenda kulia kwenye chumba! Nimekwenda saa ngapi? Daftari hili hapa, lisome! Tangu mwaka uanze sijatoka langoni hata dakika tano!"

Meneja akatoa karatasi yangu na kuibwaga mezani. "Mama, umeniletea uongo. Kama huyu ni wa uongo, nitaamini vipi hao wengine? Chumba nakifunga leo."

Mama akaichukua ile karatasi. Mwandiko ule alinifundisha yeye, akinishika mkono, kabla sijaanza shule. Aliisoma hadi mwisho. Kisha akanitazama, akamgeukia meneja na kuinamisha kichwa. Nilielewa kwamba angeibeba lawama mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni mimi," nikasema. "Mama hakunituma. Wengine niliwaona, wengine niliwazua."

Hakuna aliyenigombeza, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mzee wa lango aliketi, daftari magotini. "Mjukuu wangu," alisema. "Mimi niliyekuandika kila siku."

Mama alikunja karatasi, akaitia mfukoni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Mzee wangu, naomba unisaidie, kwa kuwa daftari unalo. Bila kutaja mtu. Gari limetoka mara ngapi kupeleka majeruhi hospitali, katika miezi sita kabla chumba changu hakijafunguliwa?"

Mzee alilowesha kidole, akaanza kufunua kurasa. Alichukua muda. Meneja alitazama saa yake mara tatu.

"Mara kumi na nne."

"Na miezi sita tangu kifunguliwe?"

"Mara tatu."

"Na wasiofika kazini, siku za Jumatatu?"

Mzee akahesabu kwa midomo. "Kabla, kumi na tano, kumi na sita kila Jumatatu. Sasa wanne, watano." Akanyanyua uso. "Na wiki hii, bosi, tangu majina yatoke, kumi na wawili. Na jana gari limetoka tena. Yule uliyemweka kwenye mashine ya mkata soli."

Meneja aliacha kutazama saa yake. Kila gari lilipotoka na majeruhi, mashine zote za kukata zilisimama nusu siku, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. "Kwa nini hukuniletea hesabu hii?" aliuliza hatimaye.

"Nilikuomba mara mbili, bosi. Barua zangu ziko hapo, chini ya birika lako la chai."

Kweli zilikuwepo, zina alama mbili za duara.

Chumba hakikufungwa. Kilihamishiwa upande wa nyuma, karibu na bomba la maji, mahali ambapo mtu anaweza kuingia bila kupita mbele ya macho ya kiwanda kizima. Mkata soli alirudishiwa mashine yake, na msimamizi alilazimika kumwomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Lakini mama hakurudi kwenye kile kiti. Alimwambia meneja mwenyewe, "Siri zimetoka mlangoni kwangu. Hawataniamini tena, na wana haki." Akaletwa mshauri mwingine. Mama akapewa kazi ya kupanga viatu ndani ya maboksi, yale yale maboksi.

Kabla ya hapo alinipeleka kwa mkata soli. Nilimwomba msamaha nikilia. Alinisikiliza hadi mwisho, huku akifuta mafuta mikononi.

"Nilikwenda kwa mama yako ili nisimlilie mke wangu," alisema. "Yeye ana kilio chake. Sasa sijui kama nimekusamehe, binti. Njoo uniulize mwezi ujao."

Nilikwenda mwezi uliofuata, na ulioufuata. Mara ya tatu aliitikia kwa kichwa. Chapuchapu hakurudi kwenye dawati letu.

Siku moja tulikuwa tunatoka kiwandani na mama, vidole vyake vimechubuka kwa makaratasi ya maboksi. Nikamuuliza kama ananichukia.

"Sikuchukii," alisema. "Lakini nisikilize, maana sitarudia. Ulisema uongo kwa majina manne, na hilo ni kosa. Ila ule ukweli wa majina kumi na moja ndio uliowaumiza watu zaidi. Siri ya mtu ni mali yake. Huwezi kuichukua ukamnunulia mama yako kazi. Na kazi nzuri haihitaji kuibiwa ushahidi. Ushahidi ulikuwepo langoni, ulitaka mtu wa kuuangalia tu."

Tulikuwa tumefika karibu na bomba la maji. Mlango wa kile chumba ulifunguka, na nikasikia hatua za mtu akitoka. Shingo yangu ikaanza kugeuka yenyewe.

Mama alinishika kidevu kwa vidole vyake vilivyochubuka. "Tazama mbele," alisema.

Nikatazama mbele.