Taa ya Chumba cha Mwisho

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, mkurugenzi alifungua kundi la wachezaji kwenye simu yake, akabaki amesimama mlangoni na koti lake mwilini. Vitendawili vyote saba vya chumba cha mwisho vilikuwa vimebandikwa humo, pamoja na majibu, tangu Jumapili saa tatu asubuhi. Aliyevibandika hakujitaja. Mchezo ulikuwa utoke Ijumaa.

Ofisi ile ya vyumba vitatu, juu ya duka la vitambaa, ilitengeneza michezo ya simu. Mchezaji husoma kitendawili, kisha hutafuta jibu lake lililofichwa katika picha ya chumba kilichosheheni vitu. Mtunzi wa vitendawili alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Bibi Fumbo. Ijumaa iliyopita, saa kumi jioni, alikabidhi karatasi moja ndani ya bahasha kubwa, nayo ikawekwa kwenye droo ya mkurugenzi. Ilikuwa humo bado. Gundi yake haikuguswa.

"Basi ni wewe, mama," mkurugenzi alisema. "Hakuna mwingine aliyevijua. Saa sita utapewa barua ya kuondoka, na jina lako nitalifuta kwenye mchezo."

"Miaka tisa, mwanangu," alijibu Bibi Fumbo. "Sina kingine nilichojenga isipokuwa jina hilo."

Msichana aliyeajiriwa kuijaribu michezo kabla haijatoka aliomba aachiwe muda hadi saa sita.

Alianza na fundi wa programu, aliyeshinda ofisini Jumamosi.

"Ufunguo wa droo unajua unapokaa?"

"Nyuma ya mlango. Hata muuza chai anajua, dada. Lakini mimi vya nini? Leo hii ndiyo ningepewa nivipachike. Kitendawili pekee ninachohangaika nacho ni mke wangu akinuna, na mwaka wa sita huu sijakitegua."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Mchoraji. Aliingiza picha yake kwenye kompyuta, akaondoka."

Kumbukumbu ya kompyuta ilionyesha Jumamosi, saa nane na dakika kumi mchana. Msichana akaifungua picha: sebule yenye makochi, rafu na mapazia. Akasoma kitendawili cha nne: *Nina mabawa lakini sijaruka, nina mkia lakini sipungi nzi, na kitanda changu ni mchanga.* Jibu: taa, yule samaki wa baharini. Alimwona ndani ya fremu ndogo ukutani, samaki bapa mwenye mkia mrefu. Kisha akakagua meza zote, dari yote. Chumba kizima hakikuwa na taa ya kuwasha hata moja.

Saa tano na nusu aliwaita mkurugenzi na Bibi Fumbo, wakaingia pamoja kwa mchoraji. Alikuwa ameinamia meza yake ya kioo, balbu zikiwaka chini yake, akinakili kiti kutoka karatasi ya chini hadi ya juu.

"Kaka, nimeshindwa kuiona taa. Iko wapi?"

"Huyo? Yuko ukutani, juu ya kochi. Umempita tu, mdogo wangu."

"Nimempita nani?"

Penseli ilisimama.

"Mchoraji hapewi vitendawili, asije akalionyesha jibu waziwazi," msichana alisema. "Jumatano ulipewa maneno saba matupu. Kwa neno 'taa', katika sebule, umechora samaki."

"Nilivisoma mtandaoni, kama kila mtu."

"Vilibandikwa Jumapili. Picha uliileta Jumamosi."

Msichana akaiweka ile bahasha ya droo juu ya kile kioo. Mwandiko wa Bibi Fumbo ukajitokeza, mstari kwa mstari, gundi ikiwa mahali pake.

Mchoraji aliiweka penseli chini.

"Nilikuwa nimekwisha kuchora taa ya mezani," alisema. "Nilipokisoma nikaifuta. Nisingeweza kutoa chumba chenye kosa."

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza Bibi Fumbo.

"Watu wanaikodolea macho kazi yangu saa nzima, wakitafuta ya kwako. Barua zote za wachezaji zinakuja kwako. Mimi sijaandikwa popote. Nilitaka waingie mara moja tu bila fumbo, wakitazame chumba."

"Na mimi nifukuzwe?"

"Hilo nililijua," alisema, akiangalia chini.

Mkurugenzi aliichana barua aliyokuwa ameishika, akamwamuru mchoraji akusanye vyombo vyake.

"Aende," alisema Bibi Fumbo. "Lakini jina lake liandikwe. Picha ni yake."

"Baada ya haya, mama?"

"Alichonifanyia ni kiovu. Tulichomnyima nilikuwa nakiona kila siku, nikanyamaza."

Vitendawili vipya saba vilihitajika kabla ya Ijumaa, kwa picha ileile. Bibi Fumbo alivuta kiti mbele ya kompyuta, kalamu mkononi. Alianzia kwenye mikunjo ya mapazia, akashuka polepole hadi miguu ya makochi, na kwa muda mrefu hakuandika chochote. Mchoraji alisimama mlangoni, mikono imejaa brashi, akamsubiri amalize kutazama.