Mlango Ulioitwa Majibu

Jumatatu saa nne asubuhi korido ya maabara ilifurika watu hadi kwenye ngazi. Dada Majibu, kama wagonjwa walivyomzoea kumwita, alisimama kwenye kizingiti, koti lake jeupe likiwa na doa la wino mfukoni, akigawa karatasi kwa mkono. Ilikuwa siku ya tisa ya kugawa hivyo. Miguu ilikuwa imemvimba na sauti imemkauka.

Mwanamume mwenye shati la samawati lililonyooshwa vizuri alipokea majibu ya damu ya mama yake, akauliza kwa nini hayakwenda kwenye kompyuta ya daktari kama zamani.

"Kaka, kuna mtu usafi umemzidi," alimjibu bila kuinua macho.

Akamweleza. Programu ya hospitali, inayotengenezwa na kampuni ya nje, ina milango ambayo programu nyingine huipitia kuomba taarifa. Yeye aliandika kijiprogramu cha kuwapelekea madaktari majibu kupitia mlango ulioitwa "majibu". Likaja toleo jipya dogo la programu ya hospitali, kutoka namba mbili nukta nne kwenda mbili nukta tano, na mlango ukaitwa "matokeo". Kurekebisha kijiprogramu ni mstari mmoja, lakini kila mstari unaoandikwa hospitalini hupita kwenye kamati ya usalama wa wagonjwa, na kamati hukutana mara moja kila miezi mitatu.

"Kwenye toleo dogo unaongeza, huondoi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua hilo."

Mwanamume akasema pole. Kisha akaomba namba yake ya simu, naye akampa, asijue kwa nini.

Akawa anapiga kila siku saa saba mchana. Alimwita "bosi wangu", akamuuliza kama amekula, akamchekesha siku ambazo hakuwa na nguvu ya kucheka. Wiki ya tatu Dada Majibu aliketi kusoma maelezo ya lile toleo, jambo alilopaswa kulifanya mapema. Chini kabisa palikuwa na jina la aliyebadilisha mlango. Ndilo lililokuwa likitokea kwenye simu yake kila saa saba.

Safari hii alipiga yeye. "Ni wewe."

"Ni mimi. Nililiona jina la zamani halipendezi. Nikadhani hakuna anayelitumia."

"Ulijua tangu siku ile koridoni."

"Tangu siku ile."

Akakata. Kwa siku kumi na moja hakupokea simu yake.

Siku ya kumi na mbili alikuta korido tupu. Kijiprogramu chake, ambacho hakuna aliyekigusa, kilikuwa kimepeleka majibu arobaini na mawili. Hakuamini. Alilinganisha majibu kumi na yale ya kwenye karatasi, moja baada ya jingine, yakalingana. Ndipo akafungua maelezo ya marekebisho: *Mlango wa "majibu" umerudishwa na unafikisha kwenye "matokeo". Kosa ni langu. Hautaondolewa kabla ya toleo kubwa, na taarifa itatolewa mwaka mzima kabla.*

Saa saba simu ililia. Akapokea.

Mwanamume alieleza kwamba mkuu wake kwenye kampuni alikataa mara mbili kurudisha kile alichokiita takataka. Ikabidi amlete hospitali, amsimamishe kwenye foleni saa nzima.

"Yule wa tai nyekundu, aliyenung'unika?"

"Ndiye."

Nusura acheke. "Nimechoka," alisema. "Sitaki kushtukizwa tena. Ukikosea, niambie siku hiyohiyo."

"Nitakuambia." Kisha akaongeza: "Mama amepona. Nimemwambia nataka kukuoa, anasema akuone kwanza."

Dada Majibu alivua viatu chini ya meza.

"Jumapili," alisema. "Ila viatu vya visigino virefu sivai."